Hesabuni Madimbwi: Barua ya Wazi kwa Manispaa za Kinondoni na Temeke

Kwa Waheshimiwa Madiwani, Wakurugenzi na Waganga Wakuu wa Manispaa za Kinondoni na Temeke.

Waheshimiwa,

Ombi langu ni moja, nalisema mapema msije mkaichoka barua kabla hamjalifikia. Naomba kila manispaa iandike orodha ya maji yake. Maji ya bomba DAWASA wanayajua, hayo yaacheni. Nasema madimbwi, mashimo ya mchanga yaliyojaa mvua, vijito, mifereji ya bustani na majaruba ya mpunga, mtaa kwa mtaa, na pembeni ya kila moja liandikwe jina la shule iliyo karibu. Orodha hiyo ikiwepo, kichocho cha pembezoni mwa jiji hili kitaonekana kilipo. Isipokuwepo, tutaendelea kugawa vidonge kwa kubahatisha.

Nimefundisha biolojia miaka mingi upande huu wa Mbagala kabla sijastaafu, na najua jibu la kwanza ninalopewa nikilitaja jambo hili: kichocho ni cha Mwanza, ni cha Ukerewe, ni cha watu wa Ziwa. Ni kweli Kanda ya Ziwa ina mzigo mkubwa, lakini kandokando ya Ziwa kinachotawala ni kichocho cha tumbo, na konokono wake ni wa aina nyingine. Cha pwani yetu ni kichocho cha mkojo. Mnyoo wake, Schistosoma haematobium, hukaa ndani ya mishipa ya damu inayozunguka kibofu, dume akiwa amemkumbatia jike, na jike akitaga kila siku kwa miaka. Mayai hayo yana mwiba nchani. Sehemu yake hutoboa ukuta wa kibofu na kutoka na mkojo, ndiyo maana mtoto huona damu, hasa matone ya mwisho. Sehemu nyingine hukwama mwilini, na hayo yanayokwama ndiyo yanayoharibu kibofu, mirija na figo polepole. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lilimweka mnyoo huyu kwenye kundi la visababishi vya uhakika vya saratani mwaka 1994, kwa sababu ya saratani ya kibofu.

Wala hakuja mjini jana. Mwaka 1985 watafiti Sarda, Simonsen na Mahikwano walichapisha utafiti kuhusu maambukizi ya kichocho cha mkojo ndani ya Dar es Salaam yenyewe. Mwaka 2001 Ndyomugyenyi na Minjas wakachapisha mwingine, kuhusu wanafunzi wa jiji hili na mambo yanayochochea maambukizi. Kwa hiyo tunazungumzia ugonjwa ambao wasomi wetu waliuandika mjini hapa zaidi ya miaka 40 iliyopita, wakati Mbagala bado ni mikorosho na Bunju ni safari. Tangu hapo jiji limetanuka likaufuata ugonjwa kwenye mabonde. Sensa ya 2022 iliwahesabu watu 1,346,674 Temeke na 982,328 Kinondoni, tena baada ya Temeke kuitoa Kigamboni na Kinondoni kuitoa Ubungo. Manispaa ziligawanywa kwa karatasi. Mito haikugawanyika.

Niwaeleze kidogo kuhusu konokono mwenyewe, kwa sababu mikutano mingi ya afya humtaja kwa jina na kumpita. Wengi tunamfikiria yule mkubwa wa bustanini, anayetoka usiku baada ya mvua akala mboga na watu wakammwagia chumvi. Huyo ni wa nchi kavu na kichocho hakimhusu. Wa kichocho ni mdogo, mara nyingi hafiki sentimita 2, rangi ya kahawia au ya tope, anajibandika chini ya jani la yungiyungi, kwenye kipande cha mfuko wa plastiki au kwenye kandambili iliyozama. Wataalamu wanamwita Bulinus. Pwani ya bara wanaohusika zaidi ni wawili: Bulinus globosus, anayependa vijito vya taratibu na mabwawa, na Bulinus nasutus, anayestahimili madimbwi ya msimu. Kumtambua si kazi ngumu. Vaa glavu, mshike gamba lake ncha ikiwa juu na mlango ukikutazama. Mlango ukiwa mkono wa kushoto, mshuku. Konokono wengi wengine wa maji mlango wao uko kulia. Wapo wachache wasio na hatia ambao nao mlango wao uko kushoto, kwa hiyo uthibitisho wa mwisho ni wa maabara, lakini afisa afya wa kata hahitaji shahada ya pili ili ajue dimbwi gani lipelekewe mtaalamu.

Ana tabia mbili zinazowaangusha wapangaji wa mipango. Dimbwi likikauka, hujifungia kwenye tope akangoja, hata kwa miezi. Na kila mmoja ana jinsia zote mbili, kiasi kwamba akibaki peke yake anaweza kujitungisha na kulijaza dimbwi upya. Ndiyo kusema shimo lililokauka Septemba halijapona. Vuli ikinyesha, baada ya muda mfupi konokono wamo tena.

Lakini konokono huzaliwa safi. Sisi ndio tunaomwambukiza. Yai la mnyoo likitoka na mkojo na kuangukia nchi kavu, hufa. Likiangukia maji baridi, huanguliwa, na kijidudu kiitwacho mirasidia huogelea kumtafuta konokono wa aina yake. Kina saa chache tu za kuishi. Kikimpata, huingia mwilini mwake na kuzaliana humo kwa wiki nne hadi sita hivi, kisha konokono huanza kumwaga majini vimelea vyenye mkia wa panda, serkaria, kwa mamia na pengine maelfu kwa siku. Serkaria hahitaji kidonda wala kumezwa. Hupenya ngozi nzima kwa dakika chache. Mtoto anaweza kuhisi mwasho mdogo, au asihisi chochote.

Na hapa naomba msome polepole, maana ndipo penye siri ya ugonjwa huu. Mayai hutoka kwa wingi zaidi kwenye mkojo wa mchana, kati ya saa 4 asubuhi na saa 8. Serkaria nao hutoka kwa konokono mwanga ukiwa mkali, wingi wao mchana. Sasa ingieni Mbagala, Chamazi, Tegeta au Bunju saa 7 mchana siku ya shule. Zamu ya asubuhi imetoka, joto linachoma, bahari iko mbali au nauli hakuna, na njiani kuna shimo la maji yanayometa. Mtoto anaingia akiwa na mkojo wenye mayai, anakojoa humo humo akiogelea, na anatoka na serkaria wapya chini ya ngozi. Mnyoo, konokono na mwanafunzi wamepanga ratiba moja, na hakuna hata ofisi moja iliyopanga ya kwake kuikatiza.

Mashimo hayo hayakuchimbwa na mvua. Tumeyachimba sisi, na tunayatazama kila siku kwenye kuta za nyumba zetu, maana ndiko ulikotoka mchanga wa tofali na kokoto ya zege. Kunduchi Mtongani watu wamegonga kokoto miaka na miaka. Upande wa Temeke mchanga umechotwa kandokando ya Mto Kizinga na Mto Mzinga hadi kingo zikabomoka. Mchimbaji akimaliza anahamisha chepe lake, na shimo linabaki kwa mtaa. Mvua za masika zinalijaza, matete yanaota, vyura wanakuja, konokono anakuja na magugu au na mafuriko, na ndani ya misimu michache pamekuwa bwawa ambalo mtoto aliyezaliwa hapo anadhani limekuwepo siku zote. Sheria ndogo zinazomlazimisha mchimbaji afukie alipochimba zinajulikana. Kufukia ndiko kusikoonekana.

Kuna jambo linalowashangaza watu nikilisema. Maji meusi ya Mto Msimbazi kule chini, yale yanayonuka hadi ndani ya daladala, si lazima yawe ya hatari zaidi kwa kichocho. Yana maradhi mengine ya kutosha, lakini maji yaliyokosa hewa kabisa humshinda hata konokono. Anapopenda ni maji yaliyotulia, yenye mwanga, mimea na uchafu kiasi. Kwa maneno mengine, maji yanayoonekana mazuri. Kijito cheupe cha pembezoni chenye majani ya kijani, kile tunachowapigia picha wageni, ndicho cha kushukiwa kwanza. Bahari haimo kwenye lawama hizi. Konokono huyu hastahimili maji ya chumvi, kwa hiyo anayeogelea Coco Beach atafute hofu nyingine.

Wapo pia watu wazima, ambao mipango yetu huwasahau. Mkulima wa mchicha na matembele huingia na keni mbili kwenye dimbwi asubuhi na jioni, miguu peku. Mwenye jaruba la mpunga hushinda kwenye maji hadi magotini. Vijana wa kuosha magari na bodaboda wameweka vijiwe kwenye vivuko vya vijito. Kisumu, ng'ambo ya mpaka, watafiti wamewafuatilia kwa miaka waosha magari wa ufukweni mwa Ziwa Victoria kwa sababu hiyo hiyo: hutibiwa, hurudi kazini, huambukizwa tena. Wapo pia akina mama wanaofua mtoni siku bomba linapokatika, pamoja na mabinti zao wanaosuuza nguo wakiwa wamechutama ndani ya maji.

Hao mabinti niwazungumzie peke yao. Mayai ya mnyoo huyu hayaishii kwenye kibofu. Kwa wanawake hukwama kwenye mlango wa kizazi na ukeni, na kuleta vidonda, damu baada ya tendo la ndoa, maumivu, na wakati mwingine ugumba. Shirika la Afya Duniani na washirika wake wamekadiria wanawake na wasichana wapatao milioni 56 wana hali hiyo, karibu wote Afrika, na tafiti, zikiwemo za Tanzania, zimeihusisha na hatari kubwa zaidi ya kupata VVU. Dalili zake zinafanana na magonjwa ya zinaa. Mtaani kwetu yupo mama aliyezungushwa miezi kadhaa katika kituo kimoja cha afya akipewa dawa za zinaa kozi baada ya kozi, ndoa ikatikisika, mume akaitwa, mashemeji wakaingilia, hadi mtu mmoja alipomuuliza alikulia wapi na alikuwa akifua wapi. Swali hilo halihitaji mashine. Naomba Waganga Wakuu waliingize kwenye maelekezo ya kila zahanati na kila kliniki ya uzazi: mwanamke mwenye dalili hizi aulizwe kuhusu maji.

Sasa vidonge. Sitaki mtu aninukuu vibaya: kingatiba, yaani huo ugawaji wa vidonge shuleni, ni neema. Prazikwanteli, dawa iliyotengenezwa Ujerumani miaka ya 1970, huua minyoo iliyokomaa kwa dozi moja, na tangu 2007 kampuni ya Merck imekuwa ikiitoa bure kupitia Shirika la Afya Duniani. Nimesimamia ugawaji wake darasani. Ubao wa kupimia kimo umesimama ukutani, watoto wamekula uji kwanza, na mwalimu anahakikisha hakuna aliyeficha kidonge shavuni, maana ni kikubwa na kichungu. Kazi hiyo imeokoa vibofu vingi nchi hii, na wanaoifanya hawashukuriwi vya kutosha.

Ila kidonge kina mipaka yake. Hakiui minyoo michanga iliyoingia wiki chache zilizopita, wala hakimkingi mtoto asiambukizwe kesho. Mtoto aliyemeza Jumatatu na kuogelea Jumamosi ameanza upya. Kumpa dawa kila mwaka na kuliacha dimbwi lilivyo ni kukumba maji kwenye ngalawa bila kuziba tundu. Kisha kuna wasiokuwa kwenye foleni: aliyeacha shule, mdogo ambaye hajaanza, mama, mkulima. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Februari 2022 umeshalisema hili wazi. Jamii ambayo maambukizi yamefikia asilimia 10 au zaidi, dawa itolewe kila mwaka kwa watu wote kuanzia miaka 2, wakiwemo watu wazima, wajawazito waliopita miezi mitatu ya mwanzo na wanaonyonyesha. Kwa watoto wadogo dawa maalumu nayo imepatikana, ikathibitishwa na Shirika hilo mwaka 2024.

Neno lililo muhimu kwenye mwongozo huo ni jamii. Kichocho hakiishi manispaa nzima. Kinaishi kwenye dimbwi, na kwenye kaya zinazolizunguka, na kwenye shule ambayo njia yake inapita hapo. Ukichukua Temeke yote, watu milioni 1.3, ukapima shule chache za hapa na pale, wastani utatoka mdogo na kila mtu atapumua. Wakati huo mtaa mmoja wa bondeni unaweza kuwa na maambukizi ya juu kabisa na usionekane popote kwenye taarifa. Ndiyo maana nasema orodha ianze na maji, kisha iende kwa watu.

Mtaniuliza fedha. Swali zuri, na jibu lake liko Kilosa, mwendo wa saa chache kutoka hapa. Mwishoni mwa miaka ya 1980 watafiti wa Kitanzania na Kiswisi, akina Lengeler, Kilima, Mshinda na wenzao, walitaka kujua shule zipi za wilaya ile zina kichocho bila kupeleka maabara kila kijiji. Wakapeleka dodoso kupitia mfumo wa elimu uliokuwepo. Walimu waliwauliza wanafunzi maswali mepesi kuhusu dalili na maradhi, kichocho kikiwa kimefichwa katikati ya kikohozi, homa na mengineyo ili mtoto asijue kinachotafutwa. Hatua ya pili, katika shule zilizoonekana na dalili, walimu wenyewe wakapima mikojo kwa vijiti vinavyobadilika rangi penye damu. Matokeo yalichapishwa mwaka 1991 katika jarida la Shirika la Afya Duniani, na njia hiyo baadaye ikajaribiwa katika nchi kadhaa za Afrika. Gharama yake ilikuwa sehemu ndogo ya gharama ya kutuma timu ya wataalamu. Hapa Dar es Salaam kwenyewe, Sarda na wenzake walikuwa wameshaonyesha mwaka 1986 kwamba kuitazama damu kwenye mkojo kwa macho tu ni dalili ya kufaa kuchuja watoto. Njia hii imezaliwa kwetu na kuhakikiwa kwetu. Walimu wakuu wote wana simu, maafisa elimu kata wana makundi ya WhatsApp yasiyolala. Dodoso la Kilosa lilisafiri kwa karatasi. La Temeke lingerudi limejazwa ndani ya wiki moja.

Angalizo la mwalimu mzee: wasichana wakubwa hawatasema, kwa haya na kwa sababu damu kwao ina maelezo mengine. Waulizwe na walimu wa kike, faragha. Na kwa wavulana kuna balaa la upande wa pili, maana sehemu nyingi za Afrika kukojoa damu kumechukuliwa kuwa ni dalili ya kukua, na wenzake humpongeza badala ya kumpeleka zahanati.

Kwenye zahanati nako kuna marekebisho ambayo hayana gharama yoyote. Mkojo unaopimwa kichocho uchukuliwe kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, ikiwezekana baada ya mtoto kukimbia-kimbia kidogo. Mkojo wa alfajiri, tuliozoea kuuomba kwa vipimo vingine, unaweza kutoka safi na mtoto akarudishwa nyumbani na minyoo yake.

Madimbwi yakishajulikana, yafanywe nini? Hapa nitawaambia ukweli wote, hata ule usioisaidia hoja yangu. Zanzibar ndiyo iliyopigana vita hivi kwa bidii kuliko wengi. Kuanzia 2011/12 hadi 2017, Unguja na Pemba zilikuwa na mpango mkubwa wa kukatiza maambukizi. Vidonge viligawiwa mara mbili kwa mwaka kwa jamii na shule, baadhi ya shehia zikaongezewa kuua konokono kwa niklosamidi, na nyingine elimu, mabaraza ya kufulia nguo na vyoo vya kukojolea. Maambukizi yalishuka hadi asilimia chache. Lakini nyongeza hizo mbili hazikuonyesha tofauti kubwa juu ya vidonge peke yake kwa ujumla wa visiwa, na kichocho hakikukatika. Kilibaki kimeng'ang'ania shehia fulani fulani. Pemba ikabadili mbinu na kuyaendea yale maeneo yaliyobaki moja moja, kupima, kutibu na kushughulikia maji ya hapo. Mimi nasoma hivi: kumwaga dawa ya konokono kila mahali ni hasara, na kuacha kuyatazama maji ni hasara kubwa zaidi. Kazi iende pale panapowaka.

Niklosamidi huua samaki pia. Mtu asije akaipeleka kwenye bwawa ambalo watu wanavua perege na kambare bila kukaa nao kwanza, la sivyo mtaa utamfukuza na ndoo yake. Mahali pengi inatosha kazi ya mikono. Konokono hufuata mimea, chakula na maficho yake. Senegal, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2023 yalionyesha kwamba vijiji vilivyong'oa mimea iliyozama kwenye sehemu za kuchotea maji vilipunguza konokono na maambukizi mapya kwa watoto, na mimea hiyo ikawa mbolea ya bustani na chakula cha mifugo. Kule kilikuwa kichocho cha tumbo na konokono wa aina tofauti, lakini wakulima wetu wa mboga wananunua samadi kwa bei mnayoijua, na vikundi vya vijana vinavyoomba mkopo wa asilimia 10 wa halmashauri kila siku vinatafuta mradi. Mtaro wa zege wenye maji yanayokimbia hauna konokono. Mtaro huo huo ukizibwa na taka na tope kwa miezi sita unakuwa makazi yake, kwa hiyo kuzibua mitaro nako ni tiba. Japani iliimaliza aina yake ya kichocho katika bonde la Kofu kwa kusakafia mifereji ya mashamba miaka kwa miaka, ikatangaza ushindi mwaka 1996. Hawakuwa na miujiza, walikuwa na saruji na subira.

Shimo ambalo halina mwenyewe na halina kazi, lifukiwe kwa kifusi. Ambalo lina wakulima, lijengewe kingo na mahali pa kuchotea pasipomlazimu mtu kuingia. Kando ya kivuko cha kufulia liwekwe baraza la saruji na simtanki, kwa sababu maji yaliyochotwa bila konokono na kutunzwa siku mbili hayana tena serkaria aliye hai, na hata hilo kila mama anaweza kufundishwa kwa dakika tano. Choo kiwekwe pale pale maji yalipo, maana choo cha nyumbani hakimsaidii mtoto aliye dimbwini. Na vibao vya kukataza kuogelea, tafadhali, msitumie hata shilingi. Nimewaona watoto wakivitumia kuning'iniza mashati.

Kipupwe, kati ya Juni na Agosti, ndicho cha kufanyia kazi. Maji yamepoa, vimelea vinakua taratibu ndani ya konokono, madimbwi yanapungua na yanafikika kwa miguu. Mwaka wa fedha nao unaanza 1 Julai. Wenyeviti wa serikali za mitaa wanayajua mashimo yao, kwa kuwa ndio wanaoitwa mtoto akizama. Waombwe wayaandike. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii wayapitie. Chuo Kikuu cha Muhimbili na taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, NIMR, wako hapa hapa jijini, wenye watu wanaojua kumtambua Bulinus kwa darubini. Nchi yetu imeahidi pamoja na dunia kwamba ifikapo 2030 kichocho kisiwe tena tatizo la afya ya jamii, na ahadi hiyo haitatimizwa na kanda moja pekee wakati jiji kubwa kuliko yote linajihesabu halimo.

Waheshimiwa Madiwani, kikao chenu kijacho cha baraza kina ajenda nyingi, najua, na barabara ndizo zitakazopiga kelele zaidi. Naomba diwani mmoja kutoka Temeke na mmoja kutoka Kinondoni wasimame waulize swali hili hili: kata yangu ina madimbwi mangapi, na ni shule gani iliyo jirani nayo? Mkurugenzi akiwa na jibu, litolewe kwa wananchi. Asipokuwa nalo, apewe hadi mwisho wa kipupwe kulileta, na bajeti ya kingatiba ya mwaka unaofuata ipangwe kufuata orodha hiyo.

Naomba kuwasilisha.

Mwalimu mstaafu,
Mbagala, Temeke.